Hema la Kujaza Upepo kwa Familia ya Dar: Madirisha Kwanza, Mirija Baadaye

Nikimweleza mtu kwamba hema letu la familia halina fito hata moja, kwamba linasimama kwa upepo, swali la kwanza huwa lile lile: "Na likipata pancha usiku?" Ni swali la haki. Watu wa Dar tunaijua pancha. Wengi tumeshasimama juani pembeni ya barabara tukisubiri tairi libadilishwe. Lakini baada ya miaka ya kulala kwenye hema la namna hii na watoto, kuanzia Kigamboni mpaka Mikumi, nasema kwa uhakika kwamba pancha ni tatizo dogo. Kinachoua hema katika hali ya hewa yetu ni unyevu. Kinachowaamsha watoto saa nane usiku wakilia ni joto. Anayenunua hema huku akili yote iko kwenye pancha atakagua mirija na kusahau madirisha, na madirisha ndiyo yatakayoamua kama familia itakubali kwenda kambini mara ya pili.

Nimeamua kuliandika hili kwa urefu kwa sababu wazazi wenzangu wananiuliza, na maelezo mengi wanayoyakuta yameandikwa na watu wa Uingereza na Uholanzi kwa ajili ya baridi yao. Wao wanahangaika jinsi ya kuzuia joto lisitoke hemani. Sisi tunahangaika litoke vipi.

Tuanze na hema lenyewe. Badala ya fito za nyuzi za kioo au chuma, lina mirija mitatu, minne au zaidi iliyopinda kama upinde kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kanuni ni ile ile ya tyubu ndani ya tairi. Ndani kuna mrija laini wa plastiki inayovutika, iitwayo TPU, unaoshika hewa. Nje yake kuna ala ya polista ngumu yenye zipu, ambayo kazi yake ni kuuzuia ule mrija usitanuke kupita kiasi. Ukijaza upepo, ala inakaza na upinde unasimama wenyewe. Mahema mengi ya familia hutaka shinikizo la kati ya psi 5 na 10, na 7 ndiyo namba utakayokutana nayo mara nyingi. Tairi la gari dogo hutaka psi 30 hivi. Kwa hiyo mrija wa hema ni mnene lakini haukazi sana: unahitaji hewa nyingi kwa shinikizo dogo.

Hapo hapo linatoka onyo la kwanza. Usimpelekee kijana wa kujaza upepo pale sheli, na usitumie kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye gari iliyotengenezwa kwa ajili ya matairi. Hizo zimeundwa kusukuma hewa kidogo kwa nguvu kubwa. Ya kwenye gari itachukua muda mrefu hadi ichemke, na ya sheli inaweza kuupasua mrija kabla hujasema basi. Tumia pampu ya mkono inayokuja na hema, ile inayosukuma hewa ukiivuta juu na ukiishusha chini, yenye geji kichwani. Zipo pia pampu za umeme wa volti 12 zilizotengenezwa kwa ajili ya mahema, zinazojizima zikifika namba uliyoweka. Ni nzuri kama gari litafika pale unapopiga kambi. Ufukweni mara nyingi halifiki, na mkono ndio unaobaki.

Sasa, kwa nini mtu ahangaike na hema la upepo wakati la fito ni rahisi kupatikana na bei yake ni nafuu? Matangazo yatakuambia ni kwa sababu ya muda: dakika kumi, hema limesimama. Dakika hizo ni za pampu peke yake. Ukijumlisha kutandika turubai la chini, kupigilia vigingi, kukaza kamba na kupanga vyumba vya ndani, ni karibu saa nzima kwa hema kubwa, na mtu asikudanganye. Faida yenyewe ni nyingine, na kwangu mimi ni kubwa kuliko muda: mtu mzima mmoja anaweza kulisimamisha peke yake. Hema kubwa la fito linataka watu wazima wawili, mmoja anasukuma fito ndefu huku, mwingine anaipokea kule, na wote wawili macho yako juu. Sasa fikiria uko Kigamboni, maji yanajaa, na una mtoto wa miaka mitatu ambaye ameshaiona bahari. Kwa hema la upepo, mume wangu anapigilia vigingi vinne vya pembeni na kupampu, mimi niko na watoto. Safari nyingine mimi ndiye ninayepampu. Watoto wakubwa nao hupokezana kwenye pampu, na hawaachi kubishania zamu.

Faida ya pili huonekana siku ya upepo mkali. Pepo za Kusi zinapovuma kwa nguvu pwani, fito ya nyuzi za kioo hupinda hadi inapasuka, na ikipasuka vipande vyake huchana kitambaa. Mrija wa upepo hulala, kisha husimama tena upepo ukipungua. Sharti ni kwamba umejazwa hadi namba yake na kamba zote zimekazwa. Hema la upepo lililofungwa kamba nusu halina ubora wowote kuliko la fito.

Tuje kwenye ukubwa. Boksi likiandika "watu 4", linamaanisha watu wanne wamelala ubavu kwa ubavu, kila mmoja na sentimita 65 au 70 za upana. Chumba cha ndani cha watu wawili mara nyingi kina upana wa sentimita 140 tu. Ukipima kwa magodoro yetu, godoro la nne kwa sita lina upana wa sentimita 122 na la tano kwa sita lina 152. Kwa hiyo la tano kwa sita halikai katika chumba kile, na la nne kwa sita linaacha nafasi ya kuweka miguu tu. Halafu sisi hatusafiri watu wanne. Kuna binamu yuko likizo, kuna dada wa nyumbani, kuna bibi aliyesema haji na asubuhi akatangulia kukaa kwenye gari. Familia ya watu wanne inunue hema la watu sita, ya watu sita itafute la wanane au mahema mawili madogo. Mimi napendelea sana yenye vyumba viwili vilivyotenganishwa na sebule katikati. Mama mkwe anapata chumba chake, anaswali na kulala bila kuvuka miguu ya mtu, na heshima ya kila mmoja inabaki mahali pake.

Urefu wa kusimama nao uangalie. Hema linalokulazimisha kuinama huchosha mgongo, na kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu ni mateso. Tafuta linalozidi mita mbili katikati.

Sasa madirisha, ndipo moyo wangu ulipo.

Usiku wa Januari au Februari hapa Dar, nyuzijoto hazishuki sana chini ya 25, na hewa imejaa unyevu. Weka watu watano ndani ya kitambaa kisichopitisha hewa, kila mmoja anapumua na kutoa jasho, na kufikia alfajiri dari la hema linadondosha maji. Watu wengi hudhani hema linavuja. Halivuji, ni pumzi zao wenyewe zimeganda kwenye kitambaa kilichopoa. Dawa yake ni hewa kupita. Kwa hiyo kabla ya kulipa, lifungue hema, au tazama picha zake zote, uhesabu mambo haya: lina madirisha mangapi ya wavu yanayofunguka kabisa, siyo yale ya plastiki ya kuangalia nje tu, milango iko mingapi na je, inatazamana, ili upepo uingie huku utokee kule, kuna matundu ya hewa chini karibu na sakafu na mengine juu karibu na dari? Hewa ya moto hupanda. Isipokuwa na pa kutokea juu, hata madirisha ya ubavuni hayasaidii sana. Na jambo ambalo wengi hawalitazami: je, madirisha yana vibaraza vya kuzuia mvua, ili yaweze kubaki wazi mvua ikinyesha? Mvua za vuli huja usiku, nusu saa, zinaondoka. Kama kila tone linakulazimisha kufunga kila kitu, utapikika.

Wavu uwe wa matundu madogo na zipu zifunge hadi mwisho bila kuacha pembe. Mbu wa malaria anauma usiku, hilo tunalijua, lakini mbu wa dengi anauma mchana, na Dar ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Kwetu sheria ni kwamba mlango wa wavu unafungwa mchana na usiku, na mtoto anayeuacha wazi anaitwa arudi kuufunga. Wageni nao wanaambiwa, kwa upole lakini wanaambiwa.

Utasoma pia mabishano makubwa kuhusu kitambaa: polista tupu, au mchanganyiko wa polista na pamba. Wazungu wengi wanaupenda mchanganyiko, na sababu zao ni za kweli: unapumua, haugandishi maji sana, na mchana ndani kunakuwa na ubaridi kidogo. Lakini ni mzito, na ukilowa unachukua muda mrefu kukauka. Pamba yenye unyevu katika hewa ya Dar inaota ukungu upesi sana, na madoa meusi ya ukungu hayatoki. Kwa mtu anayeishi kwenye fleti na kuanika hema kwenye roshani, mimi nasema chukua polista ya rangi ya mwanga yenye nyavu nyingi. Kama una uwanja mkubwa na jua la kutosha, fikiria mchanganyiko. Zipo pia zenye vyumba vya kitambaa cheusi ndani kinachozuia mwanga. Kwa sababu jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima, chumba chenye giza huwapa watoto usingizi wa saa moja au mbili zaidi, na wazazi pia. Ila kitambaa hicho kisiwe kimechukua nafasi ya dirisha.

Kuhusu mvua, utaona namba za milimita: 2000, 3000, 5000. Hiyo ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kukibeba kabla hakijaanza kupenyeza. Elfu tatu kwa paa inatosha kabisa, na sakafu iwe na zaidi kwa sababu magoti na magodoro huikandamiza. Lakini kambi ya familia katikati ya masika, Aprili, mimi siishauri hata kama hema lina elfu kumi. Tatizo siku hizo ni barabara za vumbi zilizogeuka tope, mito iliyofurika na ardhi isiyokauka.

Kununua. Madukani hapa mjini mahema mengi ni ya fito, mepesi, na baadhi hayana hata kifuniko cha pili cha mvua. Ya upepo yenye sifa hutengenezwa na kampuni za Ulaya: Vango ya Scotland, Outwell ya Denmark, Quechua ambayo ni chapa ya Decathlon ya Ufaransa, na nyingine. Watu huyapata kupitia ndugu walio nje, kupitia mizigo ya pamoja ya kontena, au ya mtumba. Likija kwa ndege kumbuka uzito: hema la watu sita la upepo huwa na kilo 20 hadi 30, na begi la kawaida la ndege huishia kilo 23. Kwa gari pia pima. Kwenye Toyota IST, hema hili peke yake linajaza buti, na magodoro na ndoo za chakula yatakaa na watoto au juu ya keria. Kwa kupanda daladala au bodaboda, sahau.

Ukipata la mtumba, usilinunue likiwa limekunjwa. Mwombe muuzaji mulijaze upepo, muliache lisimame saa mbili tatu mkipiga stori, kisha usome geji tena. Nusa kitambaa. Pitisha kidole upande wa ndani wa paa: kama kinanata au kinaacha unga, ule utando wa kuzuia maji umeanza kuoza, na hakuna fundi wa kuurudisha. Muuzaji akikataa hema lisifunguliwe, mshukuru uende zako.

Haya, umelipata, mnaenda kambini. Kwa watu wa Dar sehemu za kuanzia ziko karibu: fukwe za Kigamboni zenye maeneo ya kambi ya kulipia, Bagamoyo, msitu wa Pugu–Kazimzumbwi upande wa Kisarawe. Mkishazoea kuna Saadani, hifadhi ya taifa inayogusa Bahari ya Hindi, na Mikumi, kilomita 300 hivi kwa barabara ya Morogoro. Usiku wa kwanza kabisa ufanyike karibu na nyumbani, mtoto akiumwa mrudi.

Ufukweni, kigingi cha kawaida ni mapambo. Mchanga mkavu haukishiki. Ukivuta kamba kwa kidole kinatoka. Wavuvi wa Kigamboni wanaotuona tukihangaika hutuelekeza vizuri kuliko kijitabu chochote, na mmoja wao, mzee mwenye subira sana, ndiye aliyetuonyesha njia tunayoitumia mpaka leo. Chukua viroba vitupu vya unga au vya sukari. Jaza mchanga nusu, funga shingo kwa fundo, kisha funga kamba ya hema katikati ya kiroba. Chimba shimo la kina cha goti mbele ya kona ya hema, laza kiroba humo kwa ubapa wake kikiupa mgongo upande wa hema, fukia, kisha panda juu ukanyage mpaka mchanga ushikamane. "Mwanangu, usikitie wima," alituambia, "kikilala ndipo kinashika." Tukafanya vile, na hapo kamba ikavutwa na watu wawili bila kusogea. Viroba vinane vinatosha hema kubwa. Ukiondoka unamwaga mchanga, unavikunja, unarudi navyo.

Hema likae juu ya mstari wa mwani mkavu. Mstari ule ndio maji yalipofika mara ya mwisho, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji ya pwani yetu hupanda mita kadhaa na kuupita. Uliza wenyeji ni siku gani za mwezi. Kivuli kizuri ni cha mivinje. Upepo hupita na sindano zake hulainisha chini. Chini ya mnazi usiweke hema hata kama kivuli kinavutia, dafu likianguka halichagui. Kichwa chembamba cha hema kielekee upepo unakotoka: kaskazini-mashariki wakati wa Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, kusini na kusini-mashariki wakati wa Kusi, katikati ya mwaka.

Sasa nirudi kwenye mirija, kwa sababu hapa ndipo hofu ya pancha inapozaliwa bure. Hewa iliyofungiwa hubadilika na joto. Mrija uliojazwa psi 7 alfajiri kwenye nyuzi 25, jua la saa saba likiupasha hadi hewa ya ndani ifike nyuzi 55, utasoma zaidi ya psi 9. Kinyume chake, ukilisimamisha hema saa nane mchana, mirija imeshika moto, ukaweka psi 7, ifikapo alfajiri utakuta chini ya 6, na dari limelegea. Watu huamka hapo wakapiga kelele za pancha. Hakuna kilichotoboka. Pima jioni jua likitua, ongeza kidogo, na asubuhi kabla jua halijakolea toa kidogo. Ni kazi ya dakika mbili. Ukiliacha hema limesimama juani mchana kutwa huku mmekwenda kuogelea, punguza upepo kabla ya kuondoka, hata kama mirija ina valvu ya kujipunguzia yenyewe. Na mchanga usiingie kwenye valvu. Punje moja ikikaa pale pa kufungia, upepo utavuja polepole usiku kucha na hutaona tundu lolote.

Pancha ya kweli ilitupata, ndiyo, na ikawa somo zuri. Upinde mmoja ulikuwa unalegea kila usiku wakati mingine imesimama. Tulifungua zipu ya ala, tukautoa mrija, nikaupeleka kwa fundi baiskeli wa mtaani kwetu. Akaukunja ndani ya beseni la maji, akausogeza kidogo kidogo, na mara viputo vyembamba vikaanza kupanda kutoka kwenye mkunjo, mfululizo. Akaweka alama kwa kalamu, akasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akabandika kiraka cha mpira, tukasubiri. Tulipojaza, kiraka kikabanduka chote. Akakitazama kwa makini, akaujaribu mrija kwa kucha. "Mama, hii siyo mpira," akasema. "Solusheni yetu haishiki hapa, kuna gundi yake." Alikuwa sahihi kabisa. TPU haishikani na gundi ya kuziba mpira. Inataka viraka vyake, ambavyo mara nyingi hukaa kwenye kifuko kidogo kilichoshonwa ndani ya mfuko wa hema. Tukakisafisha kitundu kwa spiriti, kikakauka, kiraka chake kikabandikwa juu ya ubapa mgumu na kuachwa siku nzima. Mrija ule upo unafanya kazi. Fundi tulimlipa kwa kazi yake yote, maana kutafuta tundu ndiyo kazi yenyewe.

Mikumi na Saadani zina taratibu zake, na askari wa hifadhi watakueleza pa kuweka hema. Mimi naongeza mawili tu. Fagia miiba ya migunga kabla ya kutandika turubai, kwa mkono, kila sehemu. Na chakula kisilale hemani, hata biskuti ya mtoto mfukoni. Nyani hawangoji mlango ufunguliwe. Wanachana, na wakichana ala na mrija kwa pamoja hakuna kiraka kitakachosaidia.

Kuna jambo moja nalisema kwa ukali. Mvua ikianza usiwaruhusu watu waingize jiko la mkaa hemani, wala sebuleni mwa hema, wala "dakika mbili tu wali uive". Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Jiko linalofuka kidogo bila moto ndilo la hatari zaidi kwa sababu halishtui. Hata dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe ndani. Polista huyeyuka na kushika moto haraka, na wavu mzima unafanya kazi ile ile bila moshi. Wali uchelewe, watoto wale mkate.

Kurudi nyumbani ndiko mahema mengi ya Dar yanakofia. Watu wamechoka, Jumapili jioni, foleni, kesho shule. Hema linatupwa stoo lilivyo. Siku nne baadaye lina harufu, wiki mbili baadaye lina madoa. Hata kama lilionekana kavu kambini, umande na chumvi ya bahari viko kwenye mishono, na chumvi huvuta unyevu. Sisi siku inayofuata tunalisuuza kwa maji baridi ya bomba, hasa sehemu za zipu na sakafu, bila sabuni ya unga, kisha tunalianika kivulini penye upepo, maana jua kali la siku nyingi hudhoofisha polista. Likiwa kubwa kuliko kamba ya nguo, anika kwa zamu: vyumba vya ndani kwanza, paa baadaye. Mirija iachwe na valvu wazi.

Kisha likunjwe kwa ulegevu na kuhifadhiwa mahali pakavu penye hewa. Utando wa kuzuia maji upande wa ndani wa paa huoza kwa joto na unyevu vikiwa pamoja, unaanza kunata kisha unabanduka, na stoo ya bati isiyo na dirisha ina vyote viwili. Mfuko wa kiwandani unabana mno, kwa hiyo letu tunaliweka kwenye gunia kubwa la kitambaa juu ya kabati, mbali na panya. Mifuko ya plastiki ya kubebea tulishaiaga nchi nzima tangu Juni 2019, na kwa hema ni heri, maana plastiki ingelifungia unyevu ndani. Kwa kubeba hema bichi kutoka kambini, kiroba kinatosha.

Ukiagiza kutoka nje, agiza na mrija mmoja wa akiba wa urefu unaolingana na hema lako, valvu mbili, na pakiti ya ziada ya viraka vya TPU. Vikiletwa ndani ya mzigo ule ule wa hema havikupunguzii kitu. Ukija kuviagiza peke yake baadaye, usafiri na ushuru vinaweza kuzidi bei ya vitu vyenyewe, na huku likizo ya Juni inakaribia.